Marehemu Ayub Ogada na Wimbo Usiokatizwa

Mto Mirongo hupita katikati ya jiji la Mwanza na kuingia katika ziwa ambalo wenyeji wa kila upande wamelipa jina lao. Wasukuma huliita Nyanza, Wajaluo huliita Nam Lolwe, Waganda huliita Nalubaale, na katika ramani za serikali limebaki na jina la malkia wa Uingereza. Mirongo, kama katika mitaa mingine ya mji huo, Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mkara, Mhaya, Mkurya na Mjaluo huishi jirani, na lugha wakutaniayo ni Kiswahili. Hapo ni mahali pafaapo kumpimia mwimbaji aliyezaliwa pwani ya bahari, akaimba kwa lugha ya kaskazini ya ziwa, akapata sifa Ulaya, kisha akarudi kufa nyumbani, na ambaye kazi yake haijahakikiwa kwa Kiswahili kwa kadiri inavyostahili.

Mwimbaji huyo ni Ayub Ogada, mpigaji wa nyatiti, aliyefariki dunia tarehe 1 Februari 2019 huko Nyahera, karibu na Kisumu. Katika maneno ya kumwaga alisifiwa zaidi kuwa mhifadhi wa muziki wa asili. Sifa hiyo ni ya heshima, lakini haitoshi, na kwa upande mmoja yapotosha. Ogada hakuihifadhi desturi ya nyatiti kama mkulima ahifadhivyo nafaka ghalani. Alikichukua chombo na sauti yake, akaacha nyuma sehemu kubwa ya desturi, hasa ile iliyowapa wasikilizaji haki ya kuukatiza wimbo. Tendo hilo ndilo lililouwezesha wimbo wake kusafiri mbali, na tendo lilo hilo ndilo lililouacha bila mtetezi huko ulikofika. Mwenye kumkumbuka Ogada bila kulitaja jambo hili humkumbuka mtu mwingine.

Maisha yake kwa ufupi

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, mtoto wa wazazi waimbaji, akaitwa Job Seda. Angali mdogo alichukuliwa na wazazi wake kwenda Marekani, ambako waliimba nyimbo za Kijaluo mbele ya wanafunzi wa vyuo. Utoto wake, basi, haukuwa wa machungani. Nyimbo za ng'ombe na za mvua alizisikia kwanza kutoka vinywani mwa wazazi waliokuwa wakiwaimbia wageni. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu anayelitumia neno asili kwa wepesi.

Katika miaka ya 1970 alikuwa Nairobi, katika bendi iliyoitwa Black Savage. Mwaka 1979 akawa miongoni mwa walioianzisha African Heritage Band, bendi iliyofungamana na nyumba ya sanaa ya Joseph Murumbi, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na mwenzake Alan Donovan. Alionekana pia katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, kwa jina lake la kwanza. Mwaka 1986 alikwenda London na nyatiti yake, akawa akipiga barabarani na katika vituo vya reli ya chini ya ardhi, mpaka alipotambuliwa na watu wa tamasha la WOMAD mwaka 1988. Mwaka 1993 kampuni ya Real World ilitoa mkusanyo wake wa nyimbo, En Mana Kuoyo. Alirudi Kenya mwaka 2007, na mwaka 2015 ukatoka mkusanyo mwingine, Kodhi.

Mabadiliko ya jina lake yana maana kwa mwanalugha. Job na Ayub ni jina moja: la kwanza ni kwa matamshi ya Kiingereza, la pili ni kwa matamshi ya Kiarabu na ya pwani. Hakulitupa jina alilopewa, bali alilitafsiri. Hivyo ndivyo alivyofanya hata kwa chombo chake.

Nyatiti na haki ya kukatiza

Nyatiti ni chombo cha nyuzi nane. Bakuli la mti huwambwa ngozi ya ng'ombe. Miti miwili hutoka katika bakuli hilo, na mti wa tatu hukingama juu yake, na nyuzi hufungwa kutoka hapo hadi chini. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni za nailoni, kama zile za mshipi wa kuvulia samaki. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, chombo kimelazwa ubavuni mwake karibu na ardhi. Katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma ambayo kwayo hugonga ukingo wa chombo, na mguuni hufunga njuga. Mtu mmoja, basi, ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Wajaluo humwita jathum, na neno thum kwao ni muziki na tena ni chombo chenyewe. Wapigaji husimulia kwamba nyuzi nne ni za siku za kwanza za mtoto wa kiume baada ya kuzaliwa, na nne ni za siku za kwanza baada ya kufa kwake. Katikati ya nyuzi hizo yamo maisha yote.

Kazi kubwa ya jathum ilikuwa matangani. Mwaka 1964 mtaalamu Henry Owuor Anyumba alitoa uchunguzi wake wa nyimbo za maombolezo za nyatiti, na uchunguzi huo bado ni msingi wa lolote liwezalo kusemwa juu ya ushairi huu. Jathum hufika penye msiba, humsifu marehemu, huutaja ukoo, hueleza hasara iliyowapata wafiwa, na mara nyingine huwasema walio hai kwa mafumbo. Lakini haimbi peke yake. Katikati ya wimbo, msikilizaji huinuka na kumnyamazisha. Hutoa fedha, kisha husema maneno ya kujisifu mwenyewe, au kuwasifu rafiki zake, shemeji zake, kijiji chake, au mtu aliyelala kaburini. Desturi hiyo huitwa pakruok. Akiisha kusema, hukaa, na jathum huendelea, akiyaingiza majina yale katika wimbo wake papo hapo.

Mhakiki aliyezoea mashairi yaliyoandikwa aweza kudhani kwamba pakruok ni usumbufu tu unaouharibu mpangilio wa wimbo. Ukweli ni kinyume. Kukatizwa huko ndiko kuufanyako wimbo kuwa mali ya watu waliohudhuria. Mshororo haukamiliki mpaka jina la mtu litiwe ndani yake, na mtu huyo yupo, anasikia, na aweza kusimama tena kukana alilosemewa. Wimbo wa nyatiti wa matangani una watungaji wengi, nao hauwezi kuimbwa vile vile mara mbili, maana waliokuwapo jana si wao waliopo leo.

Sarafu ya Nyanza na sarafu ya London

Sasa na afikiriwe mpigaji yule yule akiwa London katika kituo cha reli. Watu wanapita. Baadhi yao hutupa sarafu. Kwa macho, tendo ni lile lile la matangani: mtu anampa jathum fedha. Lakini sarafu ya matangani hununua haki ya kusema, na sarafu ya kituoni hutolewa na mtu asiyetaka kusema neno. Ya kwanza huusimamisha wimbo. Ya pili huuacha uendelee na mtoaji akaenda zake. Hapana shaka kwamba mtu aliyepiga nyatiti mahali kama hapo siku baada ya siku alijifunza kuimba wimbo usiongoja jibu.

Tabia hiyo yaonekana wazi katika En Mana Kuoyo. Nyimbo ni kumi. Mzunguko wa nyuzi ni mfupi na hurudiwa kwa utulivu. Sauti ya mwimbaji ni ya chini, karibu na mazungumzo. Maneno ni machache. Hapana mfadhili anayesifiwa, hapana ukoo unaohesabiwa, hapana marehemu anayeliliwa kwa vyeo vyake. Jina la mtu likisikika, ni jina la nyumbani la kumwitia mtu, si jina la kumkweza. Hata vichwa vya nyimbo vyaonyesha hivyo. Dala ni nyumbani, mahali pa ukoo. Chiro ni soko. Kothbiro ni mvua inayokuja. En mana kuoyo ni kusema kwamba kitu fulani ni mchanga tu. Ni maneno ya kila siku, ambayo mtoto wa Kijaluo huyajua kabla ya kwenda shule.

Ogada, basi, aliyatoa majina ya watu akabakiza majina ya vitu. Katika desturi ya chombo chake hilo si badiliko dogo. Jina la mtu humfunga mwimbaji kwa mahali, siku na msiba fulani. Nyumba, soko, mvua na mchanga vipo kila mahali, na mtu yeyote aweza kudhani kwamba ni vyake.

Neno moja na tafsiri zake

Wimbo uliojulikana zaidi ni Kothbiro. Maana yake kwa jumla si ngumu. Mvua inakaribia, mtu mzima anawaita watoto, anawauliza kama wanasikia, anawaagiza warudishe ng'ombe nyumbani. Hayo ndiyo yote. Lakini mwenye kuutafsiri kwa Kiswahili atakwama katika kichwa chenyewe, na kukwama huko kuna mafunzo.

Koth ni mvua, na biro ni kuja. Kijaluo huipambanua mvua inayokuja na mvua inayonyesha. Ya pili husemwa koth chwe. Hata hivyo biro lina kazi nyingine katika sarufi: hutumika pia kuonyesha wakati ujao, hata Mjaluo anapotaka kusema kwamba atapika au ataondoka, hulitumia tendo hili la kuja. Kiswahili kimefanya jambo lililo karibu na hilo, lakini kwa tendo jingine. Wakati ujao wetu, wa kiambishi -ta-, umetokana na kutaka, na alama yake imesalia wazi katika maneno kama atakayekuja na yatakayokuwa. Kwa Mswahili, lijalo ni jambo linalotaka kuwa. Kwa Mjaluo, lijalo ni jambo lililo njiani. Kwa hiyo katika neno Kothbiro mvua na wakati ujao zimo katika tendo moja, na msikilizaji wa Kijaluo hupata zote mbili bila kuelezwa.

Mfasiri wa Kiswahili ana njia tatu. Akisema "mvua itakuja", ametoa utabiri, na haraka ya wimbo imepotea; hapana mtu anayekimbilia ng'ombe kwa mvua ya wakati usiojulikana. Akisema "mvua inakuja", amepata haraka, nayo ndiyo lugha ya kila siku ya Mirongo na ya Kisumu. Mama yeyote aweza kulisema hilo akianua nguo. Lakini amepoteza uzito wa lile lililo njiani siku zote. Akisema "mvua yaja", ametumia wakati wa -a-, ambao katika mazungumzo ya bara hausikiki sana, lakini katika ushairi na methali huchukua mambo mawili pamoja: jambo linalotendeka sasa, na jambo lililo tabia yake kutendeka. Tafsiri hii ya tatu ndiyo iliyo bora. Ina neno moja tu la kitendo, fupi kama la Kijaluo, na kiambishi chake cha ngeli chaweza kusimama peke yake: yaja. Aliyeko machungani akisikia hivyo hahitaji kuuliza ni nini.

Msomaji ataona kwamba ubishi huu juu ya viambishi si wa anasa. Wimbo wenye maneno machache hutegemea kila neno. Aliyeufasiri kwa "itakuja" amemfanya Ogada mtabiri. Kwa "inakuja", mchungaji. Kwa "yaja", mshairi aliyesimama katikati ya hao wawili.

Namna usikikavyo upande wa kusini

Msukuma wa Mwanza haelezwi uzito wa mvua wala wa ng'ombe. Lakini anautazama wimbo kwa mazoea tofauti. Usukumani, vyama vya ngoma vimegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambao asili yao hutajwa kuwa ni Ngika na Gumha. Katika mashindano, pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, mbele ya umati ulio huru kwenda huku na huko. Mshindi ni yule aliyewavuta watu. Huko Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mashindano hayo bado huonekana katika sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni. Mtunzi na kiongozi wa nyimbo huitwa ningi, au manju kwa wengi wasemao Kiswahili, na kazi yake mojawapo ni kumshambulia mpinzani kwa jina, kwa kejeli na kwa mafumbo, na kujibiwa.

Nyimbo za Kisukuma za kazi zimekusanywa kwa wingi. Kitabu cha Frank Gunderson cha mwaka 2010 kina zaidi ya nyimbo 300 pamoja na tafsiri zake za Kiingereza. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Elias Songoyi aliandika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu juu ya waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, akichunguza jinsi msanii asimamavyo mbele ya dola. Uchunguzi wa namna hiyo ulimchukua manju kuwa mtu mwenye hoja, anayeweza kukubaliwa au kukanushwa. Haukumweka katika kabati la makumbusho.

Kwa mazoea hayo, swali la kwanza la msikilizaji wa kusini juu ya mwimbaji yeyote ni hili: anamwambia nani? Hata Wajaluo wenyewe wa upande wa Tanzania walilijibu kwa nguvu. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati katika mkoa wa Mara na kufariki Kisumu mwaka 2006, aliihamisha mikato ya nyuzi za nyatiti katika gitaa la benga. Lakini hakuyaacha majina. Alisifu marafiki na wafadhili, alisimulia hadithi za wanyama ambazo kila mtu alizifumbua kuwa ni za wakubwa, na aliwahi kutiwa ndani Kenya kwa ajili ya nyimbo zake. Misiani aliacha chombo akashika desturi. Ogada alishika chombo akaacha desturi. Wote wawili wameitwa waimbaji wa asili, na kwa hiyo neno hilo halijatusaidia kuwatofautisha.

Kwa swali la msikilizaji wa kusini, Kothbiro lina jibu, ijapokuwa si jibu la mashindano. Mwimbaji anawaambia watoto. Sauti yake ni ya mkubwa wa nyumbani saa ambayo mawingu yamekusanyika. Hashindani na mtu. Anatoa agizo lenye upendo. Desturi moja ya nyatiti Ogada hakuiacha, nayo ni kwamba wimbo uwe usemi wa mtu kwa watu. Aliondoa jibu, lakini wito akaubakiza. Hapa ndipo ubora wake ulipo, na ndipo palipo tofauti yake na waigaji wengi ambao kwao chombo cha kale ni pambo la sauti tu.

Wito mbali na nyumbani

Wito usiojibiwa waweza kuchukuliwa na yeyote. Mwaka 2005 Kothbiro ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener, iliyotokana na riwaya ya John le Carré, hadithi ya mauaji na dawa katika nchi ya Kenya. Wasikilizaji wengi wa ng'ambo waliufahamu kwanza hapo, wakauchukua kuwa ni wimbo wa kilio. Maneno yake si ya kilio hata kidogo. Ni ya kuswaga ng'ombe. Lakini lazima isemwe kwa haki kwamba walikosea wakakaribia ukweli, maana chombo walichokisikia ni chombo cha matanga, na katika misiba mikubwa ya wanaume wa Kijaluo, katika desturi ya tero buru, ng'ombe nao hukimbizwa ili kukifukuza kifo. Sikio lisilojua lugha lilisikia katika nyuzi kile ambacho maneno hayakusema.

Mwaka 2018 Kothbiro ulichukuliwa tena. Mwimbaji wa Marekani Kanye West aliingiza sauti yake katika wimbo wake Yikes. Lakini alichokichukua hakikuwa wimbo wa nyatiti wa mwaka 1993. Kilikuwa Kothbiro cha zamani zaidi, kilichopigwa na Black Savage katika miaka ya 1970, na waliotajwa kuwa watungaji ni James Mbarack Achieng pamoja na Ayub Ogada. Jambo hili lina uzito katika uhakiki kupita lilivyo katika biashara.

Wapo wanaosema kwamba Ogada aliupunguza wimbo wa nyatiti ili upate kuwafaa Wazungu. Kama ingekuwa hivyo, Kothbiro ungalitungwa London. Ulitungwa Nairobi, na vijana wa mjini, kwa ajili ya wasikilizaji wa mjini, miaka mingi kabla ya kampuni ya Ulaya kuusikia. Tena safari yake ni kinyume cha ile idhaniwayo. Haukutoka katika nyatiti kwenda katika bendi. Ulitoka katika bendi kwenda katika nyatiti. Ogada aliuchukua wimbo wa vijana wa mji, akaupeleka kwenye chombo cha wazee. Kuacha majina ya wafadhili na ya koo hakukuwa heshima kwa mgeni. Ilikuwa hali ya mtu wa mji wa Afrika ya Mashariki, ambako jirani wa mlango wa pili si wa ukoo wako, na hapana mzee wa kusimama na kuukatiza wimbo. Mirongo wanaijua hali hiyo vizuri.

Hukumu

Kwa mizani hiyo, kazi ya Ogada yapasa kupimwa kwa faida na hasara. Faida yake ni kwamba alionyesha kuwa nyuzi nane na maneno machache vyaweza kubeba wito wa nyumbani mbali na nyumba yenyewe, bila kelele na bila mapambo. Wachache wamefanya hivyo kwa unyofu kama wake. Hasara yake ni kwamba wimbo uliotolewa katika kikao cha watu haukupata kikao kingine. Uliingia katika filamu na katika nyimbo za wengine, na kila ulipoingia ulipewa maana na mwenye nyumba, bila mtu wa kuinuka na kusema, "Nyamaza kwanza, hivyo sivyo."

Hatari iliyopo si kwa marehemu. Ni kwa jothum walio hai, wanaopiga matangani na kukatizwa kwa majina ya watu ambao hapana ajuaye ng'ambo. Ikiwa Ogada atakumbukwa kuwa ndiye mfano wa nyatiti ya asili, basi nyatiti yenye pakruok, yenye majina, yenye kelele za wasikilizaji na yenye kubadilika kila siku itaonekana kuwa imeharibika, au haifai kurekodiwa, au yangoja kusafishwa. Hivyo sifa za mtu mmoja zitakuwa dhuluma kwa wengi, na hasa kwa wale aliojifunza kwao. Ni afadhali ijulikane wazi kwamba yeye alikuwa mtunzi wa jambo jipya, na kwamba jambo la kale linaendelea kando yake kwa sheria zake.

Wajibu wa wanalugha hapa ni mwepesi kuutaja. Nyimbo za ziwa zimeandikwa na kufasiriwa kwa Kiingereza zaidi kuliko kwa Kiswahili, ijapokuwa Kiswahili ndicho lugha ambayo kwayo Msukuma wa Mwanza na Mjaluo wa Kisumu huweza kubishana juu yake. Yatakiwa maandishi ya nyimbo za nyatiti, za Ogada na za jothum wa vijijini pamoja, yenye Kijaluo upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na maelezo ya kila mahali mfasiri alipochagua. Katika maandishi hayo pakruok nazo ziandikwe, pamoja na mahali zilipoukata wimbo, wala zisifutwe kana kwamba ni kikohozi cha msikilizaji.

Uhakiki wenyewe ni namna ya pakruok. Mtu husimama, huusimamisha wimbo, hutoa alichonacho, husema neno lake, kisha hukaa na kumwachia mwimbaji nafasi. Ayub Ogada aliimba muda mrefu mahali ambapo watu walitoa sarafu wakanyamaza. Waliobaki nyuma yake, katika lugha iwakutanishayo wenyeji wa ziwa lake, wana deni la kumkatiza.